Wakala wangu alifuta tawi wakati nilitaka nakala

SWALI: Shikamoo Mama. Natengeneza programu ya kupokelea kahawa kwenye chama cha msingi huku Mbozi. Msimbo uko kwenye Git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo, ndani ya repo (hifadhi ya msimbo wote), na nimempa wakala wa akili mnemba zana mbili: hifadhi_repo, maelezo yake “Huhifadhi repo”, na sawazisha_repo, maelezo yake “Husawazisha repo na nakala”. Jumatatu mwenzangu alifuta kwa bahati mbaya tawi (mkondo wa kazi unaoendelezwa pembeni) la malipo ya pili kwenye seva. Jioni, kabla sijajua, nikamwambia wakala: “Hakikisha nakala iko salama.” Akatumia sawazisha_repo, na tawi likafutika hata kwenye nakala. Ninunue modeli kubwa zaidi?
Msomaji, Vwawa

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Kwanza tulitafute tawi lako, maana huenda bado lipo. Usiendeshe git gc, amri ya kufagia vitu visivyotumika, mahali popote. Fungua kompyuta iliyoandikiwa kazi ile, yako au ya mwenzako, kisha andika git reflog. Itakuletea hatua zilizopita na namba zake. Ukiitambua hatua ya mwisho ya lile tawi, andika git branch, jina la tawi, halafu namba hiyo, nalo limerudi. Ikishindikana, ingia kwenye folda ya nakala uandike git fsck --lost-found, itafute hatua zisizo na tawi. Git haitupi papo hapo vitu vilivyobaki bila mwenyewe. Kwa kawaida huvipa wiki 2. Basi fanya leo, usingoje wikiendi.

Modeli kubwa usinunue. Modeli haioni msimbo ulio ndani ya zana. Inachopewa ni jina la zana, maelezo yake na vigezo vya kujaza. Ndivyo ilivyo hata kwenye MCP, utaratibu wa kuunganisha modeli na zana uliotolewa na Anthropic Novemba 2024. Sasa yasome tena maneno yako. Wewe umesema “nakala”, na kati ya zana zako mbili, iliyotaja neno nakala ni ile ya kufuta. Wakala amefuata ulichoandika.

Niliwahi kutunza stoo ya pembejeo Makambako. Desemba moja nikaitwa msibani, nikamwachia kijana wa stoo karatasi: “Mama wa Ilembula akija, mpe mifuko 10 ya mbolea.” Ndani kulikuwa na DAP ya kupandia na Urea ya kukuzia, na Urea ndiyo iliyokuwa karibu na mlango. Akatoa hiyo. Yule mama akapanda nayo, na Urea ikikaa karibu na mbegu huiunguza. Nilikwenda shambani kwake nikakuta mistari ya mahindi ina mapengo hatua tano, hatua sita. Kijana alikuwa mwaminifu na mwepesi wa kazi. Neno moja, “kupandia”, lingemtosha, nami sikuliandika.

Kwa hiyo hifadhi_repo ningeiandikia hivi:

“Hutengeneza nakala MPYA ya akiba ya repo nzima, matawi yote na lebo zote, katika faili moja lenye tarehe. Haigusi wala haifuti nakala za zamani. Tumia hii mtu akitaja bekapu, nakala, kuhifadhi au usalama wa msimbo. Haibebi mafaili makubwa ya Git LFS, wala tiketi na majadiliano yaliyoko kwenye seva. Hurudisha jina la faili, idadi ya matawi na jibu la git bundle verify. Uhakiki ukishindwa, usimwambie mtu kwamba nakala ipo.”

Hiyo sentensi ya mwisho naipenda kuliko zote. Zana inayojibu “Imekamilika” hata umeme ulipokatika katikati ya kazi ni hatari kuliko kutokuwa na zana.

Ile nyingine ibadilishe hata jina, iitwe fananisha_kioo_na_kufuta. Maelezo yake yaanze na madhara: “Huifanya nakala ya kioo ifanane kabisa na seva. Tawi lililofutwa kwenye seva HUFUTWA na hapa, kwa sababu hutumia --prune. Hii si bekapu.” Na kigezo ulichokiita “njia”, kama kipo, kiite folda_ya_nakala, ukiweka na mfano wa anwani kamili.

Ila mwanangu, usiyaachie maneno peke yake ulinzi wa malipo ya wakulima. MCP ina alama ya destructiveHint ya kuonyesha kwamba zana inaweza kuharibu. Iweke, lakini ni dokezo, si kufuli. Kufuli liwe ndani ya msimbo: zana ikiona kuna tawi litakalofutika, isimame, ilitaje kwa jina, isubiri mtu aseme ndiyo.

Ukimaliza, kusanya sentensi 10 jinsi watu wa ofisini kwenu wanavyosema kweli, mfano “weka bekapu”, “tunza kazi ya leo” au “fananisha na seva”, umpe wakala kwenye repo ya majaribio, uandike kila mara amechagua zana ipi. Anza na ile yako ya Jumatatu, neno kwa neno.