Jozi ya kwanza ya taroti: kabla hujatoa pesa, uliza kwanza picha za zile karata ndogo

Mdogo wangu wa Watamu, nimesoma swali lako. Una shilingi elfu nne, hujawahi kushika taroti, zile karata za picha ambazo wengi huzitumia kubashiria, umeona jozi moja yenye kingo za dhahabu ikakuingia moyoni, na sasa wauliza uangalie nini kabla hujalipa. Walionitangulia wamekwambia ufuate moyo. Mimi niliufuata mara tatu na mara zote nilijuta, kwa hivyo niwie radhi kwa urefu.

Niko Malindi. Miaka sita nilimfanyia kazi ya nyumba bibi mmoja wa Kiitaliano upande wa Casuarina, mjane, mtu wa kahawa na karata. Jioni wenzake wawili watatu walikuja kukaa naye barazani wakicheza scopa. Karata zao zilikuwa na picha za vikombe, panga, magongo na sarafu. Basi nilipoanza kusoma habari za taroti kwenye simu na kuona nazo zina vikombe na panga, nikajiambia kumbe ndizo zile za bibi. Siku moja nikaziona kwa muuza vitu vikuukuu, nikatoa mia tano, nikarudi nyumbani mbio. Kuhesabu, karata 40. Zile karata za taroti nilizoziona kwenye simu, Jua, Mwezi na Mnara, hazimo. Nilikuwa nimenunua karata za Napoli, za kuchezea. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu.

Kwa hivyo la kwanza ni hesabu. Taroti kamili ina karata 78. Kati ya hizo 22 ni kubwa, kuanzia Mpumbavu hadi Ulimwengu, na 56 ni ndogo, aina nne zenye karata 14 kila moja: moja hadi kumi, kisha ghulamu, mpanda farasi, malkia na mfalme. Ukiona pakiti imeandikwa karata 36 au 44 na haina aina nne, hiyo si taroti hata ikiwekwa rafu moja nayo. Huenda ikawa nzuri kwa kazi yake, lakini vitabu na video za kufundishia taroti havitakusaidia kuisoma.

Bibi alipomaliza kucheka akaniuliza sisi karata zetu twaziitaje. Nikamtajia: kopa, uru, shupaza, pau. Akaweka kikombe chini. Maneno hayo tuliachiwa na Wareno: copas ni vikombe, ouros ni dhahabu, espadas ni panga, paus ni magongo. Yaani vijana wanaocheza chini ya mwarobaini na kubamiza shupaza mezani wanataja panga za taroti bila kujua, juu ya karata ambayo haina upanga wowote. Na turufu vilevile: ni trunfo ya Kireno, na Waitaliano wa karne ya 15 zile karata 22 kubwa waliziita trionfi, neno la ukoo huohuo. Nguzo ya Vasco da Gama naipita kila wiki na sikuwahi kufikiri kama mabaharia wale walituachia na haya. Tangu siku hiyo kubwa naziita turufu, na sikupata tabu tena kukariri aina nne.

Nakwambia hili pia kwa sababu utakutana na wauzaji watakaokuapia kwamba karata zao ni siri za makuhani wa Misri. Hadithi hiyo ilienezwa na Mfaransa, Court de Gébelin, mwaka 1781. Taroti ilizaliwa kaskazini mwa Italia, ikiwa mchezo wa karata tu, na kuitumia kwa kubashiri kulivuma baadaye sana. Usiongezewe bei kwa ajili ya Firauni.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana hapa ndipo wanunuzi wapya wengi wanapopotea. Sote tunapotazama picha za kuuzia tunaoneshwa turufu: Nyota, Mwezi, Jua. Turufu kila msanii huzichora vizuri. Lakini karata 40 katika 78 ni zile za namba, na ndizo zitakazokutokea mara nyingi zaidi ukichomoa. Jinsi zilivyochorwa ndiyo itakayoamua kama jozi yako utaitumia au italala kwenye droo.

Kuna njia mbili. Ya zamani ni ile ya Marseille: Sita ya Panga ni panga sita zilizopindana na ua katikati, basi. Hakuna mtu, hakuna kisa. Jozi yangu ya pili ilikuwa hiyo, niliinunua kwa Mtaliano mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Nyekundu yake, buluu yake, mistari yake kama iliyochongwa kwenye mti, niliipenda mno. Nikaitazama miezi minne sikuona kitu. Kuisoma lazima ujue maana ya namba na maana ya kila aina, kisha uziunganishe mwenyewe kichwani. Wapo wanaoiweza, na wakiizoea hawataki nyingine. Kwa anayeanza peke yake, bila mtu wa kumuuliza, ni kama kupewa kitabu cha kusomea chenye irabu tupu.

Njia ya pili ni ya 1909. Huko London, Arthur Edward Waite alimpa kazi mchoraji aliyeitwa Pamela Colman Smith, naye akachora kisa kamili kwenye kila karata, hata zile za namba. Sita ya Panga yake ni mashua. Nyuma amesimama mtu anaisukuma kwa upondo, mbele ameketi mwanamke aliyejitanda gubigubi na mtoto ubavuni, panga sita zimesimama wima mbele yao. Maji ya upande mmoja yana mawimbi, ya upande wa pili yametulia.

Karata hiyo niliisahau mezani siku moja. Mama yangu ni mtu wa swala tano na hazitaki kabisa karata zangu, nitalirudia hilo. Akaiokota, akaitazama kidogo, akasema: "Huyu ahama na mwanawe. Kuna jambo huko atokako." Kisha akaniambia niiondoe mezani pake. Hajawahi kufundishwa taroti na hatafundishwa, na alisema yaleyale yaliyoandikwa kitabuni. Ndiyo maana nawaambia wanaoanza wachukue jozi ambayo namba zake zina visa. Si lazima iwe ya Smith mwenyewe. Jozi nyingi za siku hizi zimefuata nyayo zake. Hata Tano ya Sarafu, maskini wawili wanatembea kwenye theluji chini ya dirisha linalong'aa, naielewa. Theluji sijaiona, lakini kupita usiku nje ya nyumba inayowaka taa ilhali mfukoni huna kitu, hilo nalijua.

Angalia pia jozi na kitabu viwe vya ukoo mmoja. Katika Marseille Haki ni namba 8 na Nguvu ni 11, Waite akazigeuza. Nilisumbuka wiki nzima na kitabu cha huku kikinielezea karata za kule.

Hasara ya tatu ilikuwa ya bei. Niliona mtandaoni jozi ya msanii mmoja wa siku hizi kwa shilingi 1,200, wakati kwingine kote ilizidi elfu tano. Nikaona nimeokota dodo chini ya mnazi. Ilipofika, karatasi ilikuwa laini kama kadi ya mwaliko wa harusi, rangi zimefifia, maandishi ya pembeni yamekatwa nusu, Saba ya Vikombe ziko mbili na Tisa haipo. Kijitabu hakuna, kuna kialama cha mraba cha kupiga picha kwa simu, nacho hakifunguki. Zile ni nakala za wizi, na msanii hapati hata ndururu. Lakini usidhani kila rahisi ni wizi. Smith alifariki 1951, na kuanzia 2022 michoro yake ya awali haina tena hakimiliki hata kule Uingereza, kwa hivyo yeyote aweza kuichapa kihalali, na baadhi ya matoleo hayo ni ya bei ya chini na mazuri tu. Kinachopaswa kukushtua ni msanii aliye hai, kazi mpya, na bei ya maandazi.

Nyumba unayoishi nayo ifikirie, hili wengi hawalisemi. Kwenye jozi nyingi Wapenzi wako uchi, Nyota yuko uchi, na yule wa Ulimwengu amefunikwa kitambaa tu. Mimi naishi na mama, na shangazi huingia bila hodi. Jozi ninayotumia sasa niliichagua kwa sababu Wapenzi wake wamevaa nguo, na sioni haya kusema hivyo. Zipo pia jozi zenye watu weusi, ila chungulia kwa makini: nyingine msanii amepaka ngozi rangi tu, kila kitu kingine ni kasri za Ulaya.

Na kwa wanaojiandaa kuniandikia kwamba hii ni ramli: nimekulia hapahapa, hayo nimeyasikia tangu utotoni na sina hoja ya kushindana nanyi. Simpigii mtu bao wala sipokei pesa ya mtu. Asubuhi nachomoa moja, naitazama, naandika mistari mitatu daftarini. Mama amesema zisiingie chumba anachosalia, na haziingii.

Kuhusu karatasi, kumbuka unaishi pwani. Hewa ya chumvi na unyevu wa masika havina huruma. Karata zenye plastiki inayong'aa sana hugandana mkononi. Zisizopakwa kitu hufura na kupinda kama kaimati iliyokosa moto. Tafuta zenye mpako usiong'aa, karatasi ya gramu 300 hadi 350, na uzihifadhi kwenye kopo la biskuti pamoja na vile vijifuko vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Hizo kingo za dhahabu, mpenzi, zikiwa mpya zimeshikana, itabidi uziachanishe moja moja, na baada ya mwezi dhahabu iko vidoleni mwako. Ukubwa nao: nyingi zina kama sentimita 7 kwa 12, kubwa kuliko karata za kawaida. Mikono yangu ni midogo, kuzichanga ni vita. Kama yako pia ni midogo, tafuta toleo dogo.

Wapo watakaokwambia jozi ya kwanza lazima upewe zawadi, usijinunulie; achana nalo. Ningengoja zawadi ningekuwa bado nangoja.

Sasa hizo elfu nne zako. Usilipe leo. Mwandikie muuzaji umwombe picha tano alizozipiga yeye mwenyewe, si zile za tangazo: Wapenzi, Sita ya Panga, Tano ya Sarafu, Nne ya Vikombe, na mgongo wa karata. Muulize kama kijitabu kilichochapwa kimo ndani. Akikataa kutuma picha, jibu umeshapata. Akituma, ziangalie bila kusoma maelezo popote, na ujiulize kama waona kisa au waona mapambo tu. Halafu ziweke hapa nasi tuzione, hasa hiyo Sita ya Panga. Nikipata nafasi nitamwonesha na mama, kwa ujanja.