Majani ya Hopsi Yanapogeuka Manjano: Tazama Yalipoanzia Kabla ya Kushika Mbolea

Wengi wanaoanza kupanda hopsi, mmea utambaao ambao maua yake hutia bia uchungu, nyuma ya nyumba hapa katika bonde la Willamette, jimbo la Oregon, Marekani, wakiona jani la kwanza la manjano hukimbilia mbolea, nami nilifanya hivyohivyo katika msimu wangu wa kwanza. Shina langu la Cascade, aina iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1972, lilikuwa ndani ya pipa ambalo tundu lake la chini lilikuwa limezibwa na mizizi. Nililiongezea nitrojeni mara mbili na majani yakazidi kupauka, kwa sababu mizizi iliyozama majini haivuti chakula hata kikiwa tele. Siku hizi, kabla ya kugusa mfuko wa mbolea, huchomeka kidole udongoni nione kama umelowa kupita kiasi au umekauka.

Ukiridhika na hali ya maji, chunguza manjano yameanzia wapi. Nitrojeni huhama ndani ya mmea, hivyo inapopungua, mmea huinyang'anya majani ya zamani na kuipeleka kwenye machipukizi. Majani ya chini hupauka yote pamoja na mishipa yake, ilhali ya juu hubaki kijani. Aliyekulia kwenye shamba la mahindi ameshaliona jambo hili, pale jani la chini linapoanza manjano nchani na kurudi nyuma likifuata mshipa wa kati. Magnesiamu nayo huhama, ila upungufu wake huacha mishipa kijani na kupausha sehemu zilizo katikati yake. Chuma hakihami kwa urahisi, kwa hiyo wanaoumia ni majani machanga ya juu, yenye mishipa myembamba ya kijani juu ya manjano. Mara nyingi chuma kimo udongoni lakini hakipatikani kwa sababu pH, yaani kipimo cha tindikali na alkali ya udongo, imepanda. Hopsi hustawi zaidi pH ikiwa kati ya 6 na 7. Majivu ya jikoni, ambayo wengi wetu tumezoea kuyamwaga bustanini, huipandisha zaidi.

Majani machache ya chini kabisa yakipauka mwishoni mwa kiangazi kwa kufunikwa na kivuli, usisumbuke. Wakulima wakubwa huyaondoa kwa makusudi ili hewa ipite.

Manjano yakija kwa vidoadoa vidogo badala ya kuenea jani zima, geuza jani utazame chini yake. Wakati wa joto kavu la Julai, mshukiwa wangu wa kwanza ni utitiri, kijidudu kidogo mno kinachofyonza majani. Gonga jani juu ya karatasi nyeupe: chembe zikianza kutembea, umempata. Kabla hajafuma utando, maji ya mpira yanayopigwa kwa nguvu upande wa chini wa majani humpunguza sana, lakini dawa kali inayoua kila mdudu huua pia wale wanaomla utitiri, kisha yeye hurudi kwa wingi zaidi.

Ninachokihofia zaidi ni ubwiri unyoya, ugonjwa wa ukungu upendao unyevu, kwa kuwa masika ya hapa huwa na mvua nyingi. Chipukizi lililougua hudumaa, hupauka, na majani yake hujikunja kuelekea chini, huku upande wa chini ukifanya ukungu wa kijivu hadi mweusi. Ling'oe mara moja, na usilitupe kwenye lundo la mboji. Milia ya manjano kati ya mishipa, ikianzia chini na kupanda juu, inahitaji uchunguzi wa aina nyingine: kata shina karibu na ardhi, na ukikuta rangi ya kahawia ndani, huenda ni mnyauko wa vertisiliamu, ugonjwa wa kuvu wa udongoni, ambao hauna dawa ya kupuliza.

Ukisharekebisha chanzo, usingoje jani la manjano lirudie kijani, kwani mara nyingi halirudi. Tazama rangi ya majani mapya yanayotoka nchani katika wiki mbili zinazofuata.