Mafahali wawili, zizi moja

Mkuu, pole na vurugu za hapo Chanika. Umesema fahali uliyemnunua mnada wa Pugu kamkuta fahali mwenyeji zizini, sasa ni kupigana na vumbi asubuhi hadi jioni, na unauliza kama uwatenganishe moja kwa moja.

Methali inasema hawakai zizi moja. Wanakaa, ila mpaka ijulikane nani mkubwa. Ukiwaamua nusunusu, kesho wanaanza upya. Shida yako ni nafasi: anayeshindwa lazima apate pa kukimbilia. Akibanwa kwenye kona atapigwa pembe za mbavu mpaka alale. Watoe eneo la wazi, mbali na jike aliye kwenye joto, yaani anayetaka kupandwa. Na usiingie katikati na fimbo, hata kama mmoja umemlea tangu ndama. Aliyeshindwa akigeuka kukimbia hakuoni kabisa.

Halafu majike 12 tu, mafahali wawili wa nini? Mmoja mzima anatosha hata 25. Mimi ningeuza mmoja. Ila usikimbilie kumbakiza mbabe, angalia kwanza kama majike anaowapanda wanashika mimba. Kuna wababe wagumba, nao hawaruhusu mwingine asogee.