Kabla hujaiwasha Spectrum ya zamani

Ukiokota kompyuta ya zamani, mkono unawasha hata kabla hujaiwasha. Mimi wangu uliniponza. Nilinunua ZX Spectrum ya 48K, toleo la mwaka 1982, kwenye gulio la Jumapili hapa Birmingham. Haikuwa na adapta. Nyumbani nikachomeka ya ruta, imeandikwa volti 9, nikaona mambo sawa. Volti zilikuwa sawa kweli. Pini ndiyo ilikuwa kinyume. Spectrum inataka hasi katikati na chanya nje, na adapta nyingi za siku hizi ziko vinginevyo. Harufu ilifika kabla ya picha.

Kwa hiyo anza na mita. Pima pini ya adapta, hakikisha inatoa ampia 1.4 au zaidi, ndipo uchomeke. Ikiwaka, usikimbilie runinga. Gusa kwa ncha ya mita miguu ya chipu za kumbukumbu aina ya 4116, zipo nane: mguu wa 1 usome volti hasi 5, wa 8 volti 12, wa 9 volti 5. Hasi 5 ikikosekana huku 12 ipo, zima upesi, maana chipu hizo zinakufa hivyo hivyo. Mara nyingi mchawi ni transista iitwayo TR4, ya saketi inayozalisha volti hizo, ndiyo iliyoungua kwangu, ikaondoka na chipu tatu. Kapasita za elektroliti, vile vikopo vidogo vya kutunza chaji, badilisha zote kwa mkupuo. Ni senti tu, na za zamani zimeshachoka. Utepe wa kibodi usiuvute, unakatika kama jani kavu.

Sasa picha. Kompyuta hii ilitengenezwa kuingia kwenye tundu la antena, chaneli 36 ya UHF. Hata runinga ikiipata, utaona chenga na rangi zinazovujiana. Dawa yake ni kukiruka kile kiboksi cha bati, modyuleta, kinachogeuza picha kuwa mawimbi ya antena. Fungua kifuniko, chomoa kipingamizi kilichoshika pini ya katikati ya tundu. Nyaya mbili zinazoingia ubavuni, ya umeme na ya picha, zitoe kwa solda. Ya umeme izibe kwa utepe. Ya picha ichomee moja kwa moja kwenye pini ile, ukipenda upitishe kapasita ya mikrofaradi 100. Usikate bati wala kutoboa ganda. Atakayekuja baada yako anaweza kutaka kuirudisha ilivyokuwa.

Hapo waya wa kawaida unaingia tundu la njano la runinga. Vigeuzi vya bei chee vya kwenda HDMI sivipendi: Spectrum inatuma mistari 312 kila fremu, isiyopishana kama ile ya matangazo ya kawaida ya runinga za zamani, na cha kwangu kilichanganyikiwa, picha ikawa inatetemeka kama mwenye homa. Nikaishia kwenye runinga ya kichogo ya inchi 14 aliyonipa jirani bure, mradi niibebe mwenyewe. Rangi zimetulia, herufi zinasomeka. Mke wangu bado anauliza itakaa wapi.