Vita ya biashara, na nani hasa katozwa ushuru

Msomaji wa Dodoma ameniuliza hivi: "Shikamoo mwalimu. Hii habari ya China na Marekani kupandishiana ushuru, tuseme vita ya biashara au vita vya biashara? Ofisini tumebishana mpaka chai imepoa. Alafu neno ushuru lenyewe limetoka wapi?"

Marahaba. Ukiandika, ni vita vya biashara, manake vita iko ngeli ya ki-vi upande wa wingi, ndo maana vitabu vya shule vinasema Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Anayesema "vita ya" mtaani simkimbizi tena, nimechoka, mamilioni wanasema hivyo na wanaelewana vizuri tu. Ushuru ni la Kiarabu, ushr, yaani sehemu moja ya kumi, ni ukoo mmoja na ishirini. Hayo yameisha.

Kinachonikera mimi kwenye habari hizohizo ni kingine kabisa, na ndugu msomaji umenipa nafasi ya kukisema. Ni hivi vichwa vya habari vya "Marekani yaitoza China ushuru wa asilimia 145". Nimevisoma mpaka basi. Sentensi hiyo ni kosa la lugha lililobeba kosa la uchumi mgongoni, na msomaji anayeiamini anaondoka na picha ambayo haipo.

Toza inatokana na toa, kama jaza ilivyotoka kwa jaa na poza kwa poa. Kumtoza mtu ni kumfanya atoe, hela itoke mfukoni mwake. Trafiki kamtoza dereva faini, hela imetoka kwa dereva. Halmashauri inamtoza mama wa nyanya ushuru wa soko, hela imetoka kwa mama wa nyanya. Sasa niambie, Aprili 2025 Marekani ilipofikisha asilimia 145, China ilitoa shilingi ngapi? Hata moja. Serikali ya Beijing haikulipa, na kiwanda cha Guangdong kilichouza mzigo kwa kampuni ya Kimarekani hakikupanga foleni kwenye forodha ya Marekani.

Twende taratibu na kontena moja tu. Tuseme limejaa viatu vya dola 100,000, limetoka China limefika bandari ya Los Angeles. Anayedaiwa pale ni mwagizaji, kampuni ya hukohuko Marekani ambayo jina lake ndo liko kwenye nyaraka za forodha. Kwa asilimia 145 anatakiwa atoe dola 145,000, juu ya bei ya viatu vyenyewe, na hela hiyo inaingia hazina ya nchi yake mwenyewe. Baada ya hapo ndo anaanza kukuna kichwa: apandishe bei dukani, ameze hasara, ambembeleze mwenye kiwanda apunguze bei, au aache kabisa kuagiza. Wachumi waliochunguza ushuru wa awamu ya kwanza, ule wa 2018, walikuta mzigo karibu wote umewaangukia waagizaji na wanunuzi wa Marekani, kwa sababu wauzaji wa China kwa sehemu kubwa hawakushusha bei. Kwa hiyo Marekani ilimtoza nani? Iliwatoza watu wake.

Hapa kuna watu hunijia juu, "kwani China haikuumia?" Iliumia, nani kakataa, oda zikikatwa viwanda vinapunguza kazi. Ila kuumia sio kutozwa. Tazama soya. Tarehe 6 Julai 2018 Marekani iliweka asilimia 25 kwa bidhaa za China za dola bilioni 34, na China ikajibu palepale kwa asilimia 25, soya ikiwemo. Ukiandika "China yamtoza mkulima wa Marekani" umepotosha, mkulima wa Iowa hakutoa hata senti. Wa kutoa alikuwa mnunuzi wa China, naye akageukia Brazil. Mkulima alichopata ni kukosa mteja, mpaka serikali yake ikatangaza msaada wa hadi dola bilioni 12 kwa wakulima. Huyo amepoteza soko, na Kiswahili kina maneno ya kulisema hilo, amekosa soko, amefungiwa mlango, biashara imemdodea, chagua.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba sisi wenyewe jambo hili tunalijua. Muulize mfanyabiashara wa Kariakoo aliyeleta kontena toka Guangzhou, bidhaa zilizokamilika ambazo nyingi kwenye ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki zinakula asilimia 25. Mzigo ukifika bandari ya Dar anakwambia "TRA wamenitoza". Hajawahi kusema wameitoza China! Hajasomea isimu ila kitenzi kakiweka mahali pake. Mwandishi mwenye shahada anashindwaje?

Andikeni hivi: Marekani imeziwekea bidhaa za China ushuru. Au: imepandisha ushuru wa bidhaa kutoka China. Mkisema kichwa cha habari kinataka ufupi, haya, "Ushuru wa bidhaa za China wapanda", kuna urefu gani hapo? "Ushuru dhidi ya China" naimeza shingo upande, angalau haimtaji mlipaji. "Kuitoza China", hapana, hiyo sipitishi.

Kosa hilohilo linarudi hata ushuru unapofutwa. Tangu 1 Desemba 2024 China imeondoa ushuru kwa bidhaa zote za nchi zenye maendeleo duni inazohusiana nazo kibalozi, 33 kati ya hizo ni za Afrika, Tanzania imo na Kenya haikuwemo kwenye kundi hilo. Nikaona watu wanaandika "China yaisamehe Tanzania ushuru". Tanzania haikuwa inadaiwa. Kilichobadilika ni kwamba mnunuzi wa Shanghai akiagiza mzigo wetu halipi ushuru forodhani kwake, kwa hiyo bei yetu inamvutia zaidi. Andika "China yafuta ushuru wa bidhaa za Tanzania", maneno saba tu na yote ni kweli.