Kuitafuta studio ya zamani ya redio: anza na fundi mitambo

Redio zetu nyingi zimehama, tena si mara moja. Zilianza kwenye vyumba vya kuazima, zikajengewa majengo yake, zikabadilishwa majina, zikaungana na nyingine. Waliokuwa wakifungua matangazo alfajiri katika vyumba hivyo vya mwanzo wanazidi kupungua. Leonard Mambo Mbotela, ambaye wanajeshi waasi walimlazimisha kutangaza mapinduzi kupitia Sauti ya Kenya tarehe 1 Agosti 1982, alifariki Februari 2025. Kila anapoondoka mtu wa namna hiyo, zinaondoka naye habari za korido, milango na vyumba ambazo hazikuandikwa popote. Kama mjini kwenu kuna studio ya zamani ambayo ungependa kuifahamu vizuri, anza mwaka huu, na uanze kwa mpangilio.

Jambo la kwanza ni kuacha kudhani kwamba redio ilikuwa na mahali pamoja. Redio moja huwa na sehemu nne: studio anakokaa mtangazaji, mtambo unaorusha matangazo, ofisi za utawala na matangazo ya biashara, na sanduku la posta. Zinaweza kuwa chini ya paa moja, lakini mara nyingi haziko hivyo. Zanzibar ni mfano mzuri. Studio iliyojulikana tangu enzi za Sauti ya Unguja, iliyoanza 1951, ilikuwa Raha Leo, na ndiko sauti ya John Okello, aliyetangaza mapinduzi ya Zanzibar, ilikotokea Januari 1964. Mtambo wa masafa mafupi uliokuja kusikika mbali kwa kilohezi 11735, mita bendi ya 25, uko Dole, nje ya mji. Mtu akikuambia "redio ilikuwa Dole" na mwenzake akasema "redio ilikuwa Raha Leo", usiwagombanishe. Mmoja anazungumzia mtambo, mwingine studio.

Hesabu ndogo itakusaidia kutenganisha hayo mawili. Gawanya 300,000 kwa masafa ya redio katika kilohezi, utapata urefu wa wimbi kwa mita. Kwa kilohezi 585, ambayo Zanzibar iliitumia kwa masafa ya kati, jibu ni kama mita 513. Mlingoti wa kawaida wa masafa ya kati una urefu wa robo ya wimbi, yaani karibu mita 128 hapa, na chini yake hufukiwa nyaya nyingi za shaba zinazotawanyika pande zote. Kitu cha namna hiyo hakikai juu ya paa katikati ya mji. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba mtambo mkubwa wa masafa ya kati ulikuwa ghorofani sokoni, elewa kuwa palikuwa studio, au palikuwa na mtambo mdogo wa miaka ya mwanzo uliotumia waya uliovutwa kati ya nguzo mbili.

Kwa FM mambo ni kinyume. Mawimbi yake husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na umbali wake kwa kilomita unaukadiria kwa kuzidisha 4.12 kwa kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita. Antena iliyo mita 15 juu ya ardhi inafika kama kilomita 16. Ikipandishwa mita 60 inafika karibu 32. Ndiyo maana redio nyingi binafsi za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 zilipanga ghorofa za juu katikati ya miji: studio ndani, antena juu ya paa, hakuna gharama ya kiungo kati ya studio na mtambo. Zilipopata nafasi kilimani, kama Limuru kwa redio za Nairobi, studio zikawa huru kuhamia mahali penye kodi nafuu na maegesho. Unapoitafuta studio ya FM ya kipindi hicho, panda juu kwanza. Vyuma vya kushikia antena huachwa kwenye paa hata pale ambapo ndani pamegeuzwa saluni.

Kuna pia studio ambazo hazikuwa na mtambo wake kabisa. Sauti ya Injili ya Moshi, kwa miaka mingi, ilirekodi vipindi kwenye kanda zikapelekwa Addis Ababa, na kutoka huko Redio ya Sauti ya Injili ya Kilutheri ilivirusha kati ya 1963 na 1977, mwaka ambao serikali ya Ethiopia iliitaifisha. Mtafiti anayetafuta mlingoti Moshi wa miaka hiyo atapoteza siku nzima.

Majina yanapotosha kuliko watu

Kabla hujafungua faili lolote, andika orodha ya majina ya kituo pamoja na miaka yake. Dar es Salaam: Sauti ya Dar es Salaam 1951, Shirika la Utangazaji Tanganyika (TBC) 1956, Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD) 1965, kisha Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC tena, lililoundwa 2007. Katikati hapo, kuanzia sheria ya utangazaji ya 1993 hadi Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipoanza kazi 2003, ilikuwepo Tume ya Utangazaji Tanzania, iliyofupishwa TBC vilevile, na yenyewe haikutangaza chochote, ilitoa leseni. Karatasi ya 1998 inayosema "ofisi za TBC" haihusiani na studio yoyote. Kenya ina mtego kama huo: Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC) la 1961 hadi 1964, halafu Sauti ya Kenya, halafu KBC ya 1989 mpaka sasa. Kituo cha Mombasa kilianza 1954 kikiitwa Sauti ya Mvita, na wazee wengi bado hulitumia jina hilo kwa jengo lolote la redio ya serikali mjini humo.

Mtego mwingine ni Raha Leo yenyewe. RTD ilikuwa na kipindi cha muziki wa dansi kilichoitwa Klabu Raha Leo Show. Mwanamuziki akikueleza kwamba alipiga "Raha Leo", muulize kwanza kama alivuka bahari.

Mitaa nayo ilibadilishwa majina. Barabara ya Pugu, iliko nyumba ya utangazaji ya Dar es Salaam, sasa ni Barabara ya Nyerere. Kichwele ni Uhuru. Acacia ilikuwa Independence kabla ya kuwa Samora. Nairobi, Delamere ni Kenyatta Avenue na Government Road ni Moi Avenue. Mombasa, Salim Road ni Digo Road, na Kilindini Road ni Moi Avenue pia. Ukikuta "Moi Avenue" bila mji, hujapata kitu. Katika rekodi zako andika majina yote mawili, la wakati ule na la sasa, kwa sababu atakayekuja baada yako atatafuta kwa moja tu kati ya hayo.

Sanduku la posta liweke pembeni. Barua za salamu za wasikilizaji wa RTD zilikwenda S.L.P. 9191, na namba hiyo inakuonyesha posta ya kuchukulia barua, si mlango wa studio. Redio inaweza kuhama mara tatu na sanduku likabaki lilelile. Kwa hiyo sanduku halifai kuthibitisha mahali, ingawa linafaa sana kuthibitisha kwamba majina mawili ni ya kituo kimoja.

Karatasi zinazofaa

Iliyo bora kuliko zote ni vitabu vya simu vya zamani. Vilichapwa mara kwa mara, vinataja mtaa, na wakati mwingine hutenganisha namba ya studio, ya mtambo na ya ofisi. Pitia matoleo mfululizo mpaka uone anwani inapobadilika. Redio ilihama kati ya matoleo hayo mawili. Gazeti la Serikali, linalochapa matangazo rasmi, husaidia kwa leseni na mabadiliko ya majina. Kwa Zanzibar nenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani, kwa Nairobi Nyaraka za Taifa za Kenya zilizoko Moi Avenue, na kwa Dar es Salaam kitengo cha East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu. Agiza taarifa za mwaka za idara za habari za miaka ya 1950. Zinataja majengo, fedha na kilowati bila kupamba.

World Radio TV Handbook, kitabu cha kila mwaka kilichoanza kuchapwa 1947, kina masafa, nguvu za mtambo na anwani za karibu kila kituo. Kitumie kwa tahadhari. Taarifa zake zilikusanywa kabla ya mwaka ulioandikwa kwenye jalada, na kituo kisipojibu barua, anwani ya zamani ilirudiwa toleo baada ya toleo. Kwa hiyo anwani iliyomo kwenye toleo la 1970 inakuambia kwamba redio ilikuwa hapo wakati fulani kabla ya 1970, basi.

Masafa yenyewe ni kalenda. Tarehe 23 Novemba 1978 vituo vya masafa ya kati vya Afrika, Ulaya na Asia vilihamia kwenye mpangilio mpya wa kilohezi 9, na masafa mengi tangu hapo yanagawanyika kwa 9 bila kubaki. 585 inagawanyika. Ukiona kadi, picha ya ukuta wa studio au ratiba yenye masafa ya kati yasiyogawanyika, kuna uwezekano mkubwa ni ya kabla ya tarehe hiyo. Kadi za uthibitisho, ambazo vituo viliwatumia wasikilizaji wa Ulaya na Marekani walioripoti kusikia matangazo, zina tarehe, masafa, kilowati na mara nyingi sahihi ya mhandisi, na nyingi zimetunzwa kuliko mafaili ya vituo vyenyewe.

Watu

Hapa ndipo tunaposisitiza: anza na mafundi mitambo. Mtangazaji anaijua meza yake, kipaza sauti na taa nyekundu. Akiulizwa nyaya zilipita wapi, hajui. Fundi anajua jengo. Tena wakati wa kuhama fundi ndiye anayeondoka wa mwisho, kwa sababu studio ya zamani huachwa hewani mpaka mpya ithibitike, na kwa siku au wiki kadhaa redio huwa na studio mbili. Ndiyo sababu watu wawili wakweli wanaweza kukutajia tarehe mbili tofauti za kuhama. Usichague mmoja, andika tarehe studio mpya ilipoanza kusikika, na tarehe ya zamani ilipozimwa. Baada ya mafundi watafute watunza maktaba ya santuri, kwa sababu walifungasha maboksi na wanakumbuka yalipotua, na madereva wa magari ya habari.

Usiulize "mwaka gani?" Kumbukumbu ya mwaka ndiyo inayokosewa kwanza. Uliza: nani alikuwa rais, nani alisoma taarifa ya habari saa mbili usiku, chini ya jengo palikuwa na duka gani, ulipanda ngazi ngapi, ulishuka basi kituo gani. Kisha mpe karatasi na kalamu, umwambie akuchoree njia kutoka mlango wa barabarani hadi kwenye kipaza sauti. Mchoro huo una thamani kuliko saa nzima ya maongezi. Fanya hivyo na mtu wa pili bila kumwonyesha mchoro wa kwanza. Panapokubaliana ni uhakika, panapotofautiana ndipo pa kurudi kuuliza.

Jengo lenyewe

Studio iliyohamwa huacha alama hata ikipakwa rangi mara kumi. Tafuta milango miwili inayofuatana yenye kijichumba finyu katikati, kilichozuia kelele za korido. Tafuta dirisha la ndani, kati ya chumba na chumba, lenye vioo viwili vilivyoachana. Kwa kawaida kimoja huwa kimeinamishwa na unene wao hutofautiana, ili visitetemeke kwa sauti ileile na ili sauti isirudi moja kwa moja kwa msemaji. Dirisha hilo likiwa limezibwa kwa matofali, utaona fremu yake au ufa wa mstatili kwenye plasta, kwenye kimo cha mtu aliyekaa. Chini yake, karibu na sakafu, huwa kuna tundu la nyaya. Ukutani, mbao zenye vitobo vidogo vilivyopangwa sawasawa, na nyuma yake sufi ya madini. Chumba cha ndani kabisa kisicho na dirisha la nje, chenye mfereji mpana wa hewa baridi, ndicho cha kupima kwanza.

Usitoboe wala kubomoa chochote kuchungulia. Dari na mbao za ukutani za majengo ya miaka ya 1950 hadi 1970 zinaweza kuwa na asbesto, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Usipige picha jengo la redio ya serikali bila kibali cha maandishi; yanalindwa na askari, na yaliyotokea 1964 na 1982 yanatosha kueleza sababu. Andika barua kwa mkurugenzi, taja siku, vyumba na aina ya kamera.

Ukikuta kanda za rili kwenye stoo, usizicheze ili usikie kilichomo. Soma kwanza maboksi: namba ya studio, tarehe na herufi za jina la fundi huandikwa pale, na mara nyingi ndiyo ushahidi pekee wa chumba kipi kilitumika. Inua rili kwenye mwanga. Utepe unaopitisha mwanga ni wa asetati. Ukinusa harufu ya siki umeanza kuoza, na uutenge na mwingine. Usiopitisha mwanga ni wa poliesta, na zile za miaka ya 1970 na 1980 huweza kunata, zikaacha gundi kwenye mashine na kuvua sauti yenyewe. Hizo huokolewa kwa kuzipasha joto la kama nyuzi 50 kwa saa kadhaa katika kifaa maalumu. Asetati usiipashe kamwe, itaharibika. Rili ya inchi 10.5 yenye futi 2,500 inachukua dakika 66 kwa kasi ya inchi 7.5 kwa sekunde, 33 kwa kasi ya 15. Boksi likiandikwa kipindi cha saa moja, umeshajua kasi ya kuichezea.

Mwisho wa siku weka kila mahali kwenye mstari wake: jina la kituo wakati huo, aina (studio, mtambo, ofisi), mtaa wa zamani na wa sasa, ghorofa, kuanzia lini, hadi lini, ushahidi gani, na kiwango cha uhakika. Majira ya ramani (latitudo na longitudo) yaandike kwa desimali tano, yanatosha kuonyesha lango. Safu ya ushahidi isiachwe wazi hata kama jibu ni "mchoro wa shahidi mmoja". Nakala moja ipeleke kwenye nyaraka za taifa, nyingine kwa kituo chenyewe, na ya tatu mpe yule fundi aliyekuchorea, maana ataisoma na kalamu mkononi.