Hofu inayokuja ikinyata: anzia hapa

Ndugu, umesema filamu za damu na makelele zinakuchosha, ila kisa cha nyumba kongwe yenye mzimu kinakukosesha usingizi, na unauliza uanzie wapi. Nakuelewa kabisa, nami nazipenda filamu za mizimu kama hizo.

Nguvu ya filamu hizi iko kwenye kile usichoonyeshwa. Anza na The Haunting ya mwongozaji Robert Wise, ya mwaka 1963. Watu wamejifungia sebuleni usiku, kitu kinatembea huko nje, halafu mlango mzito wa mbao unabinuka kuja ndani kana kwamba unavuta pumzi. Mzimu wenyewe huuoni. Akili yako ndiyo inaumba cha upande wa pili, nayo inajua hasa unachokiogopa.

Ukitaka mambo ya uchawi, tafuta Night of the Demon (1957): mtu anapachikwa karatasi yenye maandishi ya kale, na asipoirudisha kwa aliyempa, atakufa. Jini linaonyeshwa mapema mno, kwa maoni yangu, lakini usiiache kwa sababu hiyo.

Zima taa, weka simu chumba kingine, na usisimamishe katikati. Utulivu ukikatika, hofu inaanza upya kutoka sifuri.

Kuhusu usingizi: usiku mmoja au miwili ya kugeukageuka kitandani ni kawaida. Ikifika wiki kadhaa, au ukaanza kusikia sauti ukiwa macho, acha kutazama na umwone daktari. Kwa sasa, tazama alasiri badala ya usiku wa manane.